FEDHA ZA UTAFITI ZITOKE KWETU

Wapo watu wasemao kwamba utafiti wa magonjwa ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba nchi kama yetu yapaswa kununua dawa na vitanda tu. Sisi hatukubaliani nao. Tungewaomba wafike Nkome, katika Wilaya ya Geita, asubuhi mitumbwi inaporudi. Watawaona wavuvi wamesimama majini mpaka mapajani, akina mama wakifua ufukoni, na watoto wakioga. Katika maji ya Ziwa Viktoria wamo konokono wenye kueneza vijidudu vya kichocho cha tumbo, ambavyo hupenya ngozi ya mtu, na baada ya miaka mingi ini lake huharibika hata akatapika damu.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, iliyopatikana katika miaka ya 1970, na watoto wa shule hupewa. Lakini dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga husalimika, wala mtu hakingwi asiambukizwe tena. Mvuvi aliyemeza vidonge Jumatatu aweza kuambukizwa upya juma lifuatalo, maana hawezi kuliacha ziwa: ndilo shamba lake. Theodor Bilharz aliwagundua minyoo wa kichocho mjini Cairo mwaka 1851, na mpaka leo hakuna chanjo ya ugonjwa huo iliyoidhinishwa. Twadhani sababu kubwa ni kwamba wauguao hawana fedha, na mwenye kiwanda hutafuta mnunuzi kabla ya kutafuta dawa.

Basi ni nani atakayelipia kazi ya mwanzo, ile ya maabara na ya vijijini, ambayo haijulikani kama itazaa? Serikali ya China ililijibu swali hilo mwaka 1967, nchi hiyo ingali maskini, ilipowakusanya wataalamu wake watafute dawa ya malaria. Mimea mingi ilijaribiwa bure. Mwishowe Bibi Tu Youyou na wenzake wakaipata artemisinini, na dawa ya mseto tunywayo leo imetokana nayo. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 2015.

Wala tusidhani kwamba kwetu hapana wataalamu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na kituo chake kipo Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994, huko huko mkoani Mwanza, ambao wakati huo ulikuwa na Geita ndani yake, taasisi hiyo na washirika wake waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za vijijini. Maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa karibu asilimia 40. Ni kweli kwamba jaribio la Rakai, Uganda, lililotumia njia nyingine, halikupata jibu hilo. Lakini hata hilo lilikuwa elimu, nayo ilipatikana vijijini kwetu, si Ulaya.

Ila fedha nyingi zilitoka Ulaya. Hapo ndipo penye neno. Aletaye fedha ndiye achaguaye ugonjwa, na ndiye aamuaye siku ya kufunga kazi. Mwaka 2025 Marekani ilipokatisha misaada yake, tafiti kadhaa barani Afrika zilisimama katikati. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mawaziri waliokutana Bamako mwaka 2008 walizitaka nchi zitenge angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya kwa utafiti, na wafanyakazi wana haki ya kuuliza ahadi hiyo imefikia wapi.

Nasi Geita hatuwezi kusema kwamba hatuna kitu. Dhahabu inatoka chini ya miguu yetu, na kwa sheria kampuni hulipa ushuru wa huduma, sehemu ya mapato ghafi, kwa halmashauri. Twajua kwamba madarasa na visima vyaungoja ushuru huo. Hata hivyo twataka sehemu yake, japo ndogo, itengwe kila mwaka kwa wataalamu wa Mwanza wachunguze kichocho cha Nkome, pamoja na vumbi la mawe linaloharibu mapafu ya wachimbaji wadogo. Madiwani walijadili jambo hili kabla ya bajeti ijayo, na wavuvi wenyewe waitwe barazani waseme.