Herufi za Wazee Wetu na Kijana wa Leo



Vijana wetu wengi husikia ya kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya mdomo tu, hata walipofika wamishonari wa karne ya kumi na tisa ndipo kikaandikwa. Maneno haya si kweli, na yafaa yajibiwe kwa ushahidi. Iko barua ya Kiswahili iliyoandikwa Kilwa Kisiwani mwaka 1711, nayo imehifadhiwa Goa katika Bara Hindi. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu 1776 hata 1840, aliacha mashairi ya vita, ya mapenzi, ya biashara na ya mizaha. Haya yote yalishikwa kwa herufi za Kiarabu, zile zile anazofundishwa mtoto wetu chuoni: alifu, ba, ta.

Lakini khati hii ina mambo yake. Kiarabu kina irabu tatu, nasi tuna tano. Basi kasra moja ikawa ni i na e, na dhumma moja ikawa ni u na o. Kadhalika herufi ba katika khati ya zamani ilibeba b, na p, na mb. Mwandishi akiandika ba mbili zenye kasra, neno laweza kuwa bibi, laweza kuwa pepe, laweza kuwa pembe. Msomaji atajuaje? Akiona habari za ndovu, atasoma pembe. Akiona habari za mpunga unaopepetwa, atasoma pepe. Akiona salamu za mjukuu, atasoma bibi. Kwa hiyo jicho peke yake halitoshi. Yataka mtu aijue lugha, na watu wake, na mizani ya shairi.

Hapo ndipo penye maana ya maneno yetu. Kulihamisha shairi kutoka khati ya Kiarabu kuliingiza katika herufi za Kirumi si kazi ya kunakili tu. Ni kuhukumu neno kwa neno, na mwenye kuhukumu ndiye anayeamua mshairi amesema nini. Mashairi ya Muyaka yasingalitufikia kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyeyakusanya, akayaandika na kuyafafanua kwa ajili ya Mwingereza W. E. Taylor. Karatasi hizo zikaenda London, na mwaka 1940 W. Hichens akachapisha diwani kule Johannesburg. Twawashukuru Taylor na Hichens kwa kuhifadhi, maana kushukuru ni wajibu. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaolijua jina la Mwalimu Sikujua?

Liko na jambo la lahaja. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, ikasimamia Kiswahili sanifu chenye msingi wa Kiunguja. Faida yake ni kubwa, na hata ukurasa huu waishi kwa faida hiyo. Hata hivyo kijana aliyezoea usanifu peke yake, akikuta mshairi wa Mvita au wa Lamu ameandika "mato", hudhani ni kosa, akamsahihisha kwa kuandika "macho". Kumbe mshairi alitaka kina cha "to", kikubaliane na "moto" na "mato". Kwa kusahihisha neno moja kijana amevunja ubeti mzima, naye adhani amefanya wema.

Wako watakaosema, "Mambo haya waachiwe wataalamu wa vyuo vikuu." Wataalamu wana kazi yao, nasi hatuidharau. Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wa khati hii pamoja na mapendekezo ya kuitengeneza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina miswada iliyokusanywa na J. W. T. Allen, na picha za miswada ya London zaonekana sasa kwa njia ya intaneti. Lakini mtaalamu hawezi kusoma karatasi iliyomo sandukuni mwako. Tumeona nyumba ambamo karatasi za babu zimefungwa kitambaa na kuwekwa juu kwa heshima, kwa kuwa kila mtu adhani ni aya au dua. Yamkini ni hesabu ya minazi, au barua ya posa, au shairi la kumlilia ndugu aliyezama baharini. Mchwa hachagui kati ya hivyo.

Na huku ufunguo uko mikononi mwa watoto wetu. Mtoto aliyefika Juzuu Amma azijua herufi zote na irabu zote. Ajaribishwe kusoma mistari miwili ya Kiswahili kwa herufi hizo, ataona ajabu: herufi alizokuwa akizisoma pasi na kufahamu lugha yake zasema naye kwa lugha ya mama yake.

Basi twawaomba wazazi mambo matatu. La kwanza, lifungueni sanduku. Wala msiiuze wala kuichoma karatasi msiyoijua. La pili, mketishe mzee anayeijua khati pamoja na mjukuu anayejua kuandika. Mzee asome, mjukuu aandike kwa herufi za Kirumi. Palipo na shaka yaandikwe maneno yote mawili, na asili ihifadhiwe. La tatu ni letu sisi walimu: siku moja katika juma, baada ya somo la Kurani, tuandike ubaoni mistari michache ya Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, na watoto wabishane kama ni bibi, au pepe, au pembe.

Wabillahi tawfiq.