Uwazi wa kadi za michoro unalipa

Na Hamisi Kombo

Kadi ya michoro bila draiva ni chuma tu. Draiva ndiyo programu inayoiwezesha kompyuta kuiamuru kadi ichore kila kinachoonekana kwenye skrini, na aliyeishika ndiye anayeamua kadi itaishi miaka mingapi. Kwa muda mrefu watengenezaji wengi waliificha kama mganga anavyoficha dawa, wakiamini kwamba kuianika ni kuwagawia washindani mtaji. Naamini hesabu hiyo ina kasoro. Uwazi unalipa, mradi usimame juu ya bidhaa ambayo watu wangeinunua hata hivyo.

Anayepinga atataja Open Graphics Project, mradi ulioanza mwaka 2004 kwa nia ya kutengeneza kadi ambayo usanifu wake wote uko hadharani. Bodi yake ya majaribio iliuzwa zaidi ya dola 1,000, ilhali kadi za kawaida zenye nguvu kuizidi zilipatikana kwa bei ndogo mno. Haukufika mbali. Lakini kilichouangusha ni mtaji: chipu hudai mamilioni ya dola kabla haijauzwa hata moja, na mzigo huo hauwezi kubebwa na wapenzi wa programu huria peke yao.

AMD, kampuni ya chipu, ilishika njia nyingine. Ilinunua ATI, mtengenezaji wa kadi za michoro, mwaka 2006, na Septemba 2007 ikatangaza kwamba itatoa nyaraka za kiufundi za chipu ambazo tayari zilikuwa na soko. Matunda yake yanaonekana kwenye RADV, draiva ya mfumo huria wa Linux iliyoanza kuandikwa mwaka 2016 na watu wasioajiriwa na AMD. Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta inayouza Steam Deck, kifaa cha mkononi cha michezo chenye chipu ya AMD, tangu 2022, inawalipa wahandisi kuiboresha. Mwaka 2025 AMD yenyewe iliachana na AMDVLK, draiva yake ya kazi hiyohiyo, ikaikumbatia RADV. Kampuni imepata kazi bora ambayo sehemu kubwa ya gharama yake imebebwa na wengine.

Wapo watakaosema Nvidia, mshindani wa AMD, imetajirika kuliko wote huku mlango ukiwa umefungwa. Ni kweli, na CUDA, jukwaa lake la kuandikia programu zinazotumia kadi zake kukokotoa, limewafunga wateja wake kwa kamba imara. Hata hivyo, Mei 2022 Nvidia nayo ilifungua sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kernel, yaani kiini cha Linux, ingawa sehemu kubwa iliyobaki ingali siri. Anayeuzia wenye seva za Linux hawezi kuwapa kisogo milele.

Itazame Radeon HD 7970, kadi ya AMD iliyoingia madukani mwaka 2012. Mwaka 2021 AMD iliacha kuitolea draiva mpya za kawaida za Windows. Kwenye Linux, ambako draiva yake iko wazi, ilikuwa bado ikiboreshwa mwaka 2025. Kwetu, ambako kompyuta nyingi huingia zikiwa zimeshatumika kwingine, miaka hiyo ya ziada ni fedha. Muuzaji ambaye bidhaa yake itaendelea kuhudumiwa hata baada ya yeye mwenyewe kuichoka ana neno la kumwambia mnunuzi ambalo mshindani wake hana.