Kwani mpaka mtoto aumizwe ndipo tutafute mshauri?

Vijana wa Sirisia! Kukitokea kisa cha mtoto kunajisiwa, nyinyi ndio wa kwanza kusambaza picha ya mshukiwa. "Choma huyo!" Hasira hiyo ni haki yenu. Lakini hebu niwaulize: kabla ya siku hiyo, nani alifanya nini?

Hapo Busia, jirani zetu, mwaka 2013 msichana wa miaka 16 alibakwa na genge, na adhabu ya polisi ikawa kuwafyekesha washukiwa nyasi. Watu walipiga kelele hadi 2015, watatu wakafungwa miaka 15. Kelele ilifaa. Ila msichana alikuwa ameshaumizwa.

Sasa tazama Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 35. Serikali inalipia matibabu na ushauri nasaha wa mwathiriwa, na wa aliyehukumiwa pia. Soma tena: aliyehukumiwa. Na yule ambaye hajamgusa mtoto yeyote, ila matamanio yake mwenyewe yanamtisha? Akimwambia ustadh, anahofia msikiti mzima utajua. Akimwambia rafiki, atapigwa mawe. Basi ananyamaza, na mtoto wa jirani anaendelea kutumwa kwake kuchukua chumvi.

Kule Berlin, Ujerumani, hospitali ya Charité imekuwa ikiwapokea watu kama hao tangu 2005, kwa siri na bila malipo, ili wasije wakatenda. Si dawa ya kila kitu, lakini ni mlango wa kubisha. Sisi tuna upi?

Najua utasema ati natetea washenzi. Hapana. Aliyetenda apelekwe kortini, tena bila maslaha ya wazee na mbuzi wao. Mimi nazungumzia mtoto ambaye bado yuko salama. Utafiti wa kitaifa wa 2019 ulionyesha karibu wasichana 16 na wavulana 6 katika kila 100 walidhulumiwa kingono kabla ya miaka 18. Ndiyo, wavulana pia, ingawa hilo hatupendi kulitaja.

Kaunti ya Bungoma ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, nendeni. Nanyi wa Kitale, hivyo hivyo kwenu Trans Nzoia. Ulizeni: hospitali ya Sirisia ina washauri wangapi? Wanakaa chumba gani, na je, mlango wake unafungika? Msikubali kuambiwa "tutaangalia".

Na kama unamjua mtoto aliye hatarini leo, usingoje kikao. Piga 116, ni bure.