Ritifaa Si Vumbi

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Rusizi, niliandika programu ndogo ya kuhesabu maneno katika ngano za Kiswahili nilizokusanya kwa kazi ya darasani. Ikanijibu kwamba neno "ombe" limo mara nyingi, lakini "ng'ombe" halimo hata mara moja. Ngano za wafugaji zisizo na ng'ombe!

Kosa lilikuwa la mstari mmoja. Nilikuwa nimenakili regeksi inayofundishwa kila mahali, \w+, yaani: kamata mfululizo wa herufi, tarakimu na kistari cha chini; alama nyingine yoyote ni mpaka wa neno. Kwa kanuni hiyo ritifaa ni kisu.

Mwenzangu anayesomea kompyuta alicheka. "Futa ritifaa zote. Ni vumbi tu." Wanaofikiri hivyo ni wengi, nami nawapinga.

Katika Kiswahili, ng' ni sauti moja. Ukikata "aling'oa jino" unapata "aling" na "oa": mganga wa meno amegeuka bwana harusi. Ukikata "ng'amua" unabaki na "amua", ilhali kung'amua jambo si kuliamua. Na ukifuta ritifaa, "ng'oa" linakuwa "ngoa", neno jingine lenye maana ya wivu au tamaa. Vumbi gani hilo linalobadili maana?

Mtu ataniambia: basi ritifaa isikatwe kamwe. Hapana. Hapa kwetu mpakani, ambapo Bukavu iko ng'ambo tu ya mto, Kiswahili hakiishi peke yake. Mnyarwanda huandika "inka n'ihene", na ritifaa hiyo yaonyesha kwamba "na" imepoteza irabu yake. Usipokata hapo, anayetafuta "ihene" hataipata. Kifaransa nacho kina "l'eau". Alama ni moja, kazi ni mbili.

Dawa yake ni fupi: (?:ng['’]|\w)+. Regeksi hii huilinda ng', iwe kwa ritifaa iliyonyooka au iliyopinda, na kwingineko hukata. Si kamilifu, "aujourd'hui" ya Kifaransa bado inavunjika. Na kwa kuwa wengi huandika "ngombe" kwenye simu, mfumo wa kutafuta uyapokee maumbo yote mawili. Kupokea makosa ya mtafutaji si sawa na kuharibu maandishi ya mwandishi.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Urasmi huo una faida gani ikiwa mashine zetu hazimwoni ng'ombe? Walimu wetu wa kompyuta, mkitufundisha regeksi, tupeni tuijaribu kwenye maandishi ya lugha zetu pia. Nasi wanafunzi wa lugha tuache kusema kompyuta si kazi yetu. Anayejua kwamba ng' ni sauti moja ni sisi. Tusiposema, nani atasema?