Kumfanyia Mtoto Swali la Kemia Si Kumsaidia

Ipo imani iliyoota mizizi, kuanzia sebuleni hadi kwenye mabanda ya tuisheni: mwanafunzi akikwama kwenye swali gumu la kemia, dawa ni kumtafutia mtu wa kumfanyia. Kaka aliyemaliza kidato cha sita anaitwa. Mwalimu wa tuisheni anajaza ubao, wanafunzi wananakili. Siku hizi hata kaka hahitajiki. Swali linapigwa picha, linatupwa kwenye kundi la WhatsApp au kwa ChatGPT, na chai haijapoa, hesabu nzima imeshuka hatua kwa hatua. Daftari linajaa, mzazi anaridhika. Huo mnaouita msaada ni kumnyang'anya mtoto kazi ambayo ndiyo ingemfundisha.

Chukua swali la moli, mada inayowatoa jasho wengi. Gramu 10 za kalsiamu kaboneti zimetiwa kwenye mililita 100 za asidi hidrokloriki ya molari 1. Tafuta ujazo wa kaboni dioksidi katika STP. Aliyezoea kunakili anazikumbuka hatua: 10 gawanya kwa 100, moli 0.1, zidisha kwa 22.4, lita 2.24. Anapiga mstari chini ya jibu kwa raha zake, na amekosa. Mlinganyo unadai moli mbili za asidi kwa kila moli moja ya kaboneti, na asidi iliyopo ni moli 0.1 tu. Inaisha yote, nusu ya kaboneti inabaki chini ya chombo bila kuguswa, na gesi inayotoka ni moli 0.05, yaani lita 1.12.

Kuzidisha anajua. Alichokosa ni kujiuliza kipi kitaisha kwanza, kwa sababu katika swali alilonakili juzi asidi ilikuwa ya kumwaga, na aliyelifanya hakuona haja ya kuligusia hilo. Msaada wa kweli hapa ni swali moja fupi: "Asidi uliyonayo inatosha?" Kisha msaidizi anyamaze, hata kama mtoto atakodolea macho karatasi dakika tano nzima. Kunyamaza ndiko kunakotushinda. Ajuaye kemia huwashwa na mkono, akanyakua kalamu.

Kuna na kikwazo kingine ambacho mwenye kunyakua kalamu hakioni kamwe. Watoto wengi wa Tanzania wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakafika sekondari wakaikuta kemia kwa Kiingereza. Wapo wanaokwama kwenye sentensi ya swali kabla hawajaigusa hesabu. Mwambie akusimulie swali kwa Kiswahili chake: amepewa nini, anatafuta nini. Mara nyingi fundo lote liko hapo. Ukimfanyia, hutalijua, naye atabaki kuamini kwamba hana kichwa cha kemia.

Najua utetezi wa walimu wa tuisheni. Silabasi ni ndefu, darasa limefurika, mtihani uko mlangoni, kwa hiyo heri waone maswali mengi yakifanywa. Nakubali kwamba anayeanza mada anahitaji mfano uliofanywa wote mbele ya macho yake. Kumwacha aotee ni kumtesa. Lakini mfano ukishaeleweka, daftari lifunikwe, namba zibadilishwe, afanye mwenyewe. Hakuna aliyejua kuendesha baiskeli kwa kupakiwa kwenye keria, hata azungushwe mji mzima.

Na anayedhani wingi wa majibu ndio ushindi asome taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani hutoa somo kwa somo. Humo zimo sampuli za majibu ya watahiniwa wenyewe, mazuri na mabovu, na maelezo ya wapi mtu alipotea. Ni vifaa vya kufundishia ambavyo mwalimu yeyote angeweza kuvitumia kesho asubuhi. Lakini mitaani kinachotafutwa ni mitihani iliyopita yenye majibu, kwa kuwa jibu lina soko kuliko kosa. Ajabu ni kwamba kosa la mtoto ndilo linalomwonyesha msaidizi pa kushika. Jibu lililonakiliwa vizuri linaficha kila kitu, pamoja na ujinga.

Mzazi, ukitaka kujua kama ada ya tuisheni inazaa, usihesabu kurasa zilizojaa wala vema nyekundu. Chagua swali lolote ambalo tayari limefanywa kwenye daftari lake, badilisha namba moja, mpe karatasi tupu, umwambie akueleze kila hatua na sababu yake. Huhitaji kujua kemia ili kutambua mtu anayejua asemalo. Akishindwa, ulicholipia ni mwandiko.