MSAADA WA WACHORAJI UTOKE KWETU

Wapo wasemao kwamba kijana mwenye kuchora kwa rangi za maji hawezi kuinuka mpaka apate mfadhili wa ng'ambo. Sisi hatukatai msaada. Twauliza nani ashike mizani.

Tazameni ndugu zetu weusi wa Marekani. Mwaka 1926 Harmon Foundation, mfuko wa tajiri mmoja Mzungu, ulimtunza Palmer Hayden nishani ya dhahabu na dola 400. Hayden alikuwa akiishi kwa kazi ya usafi. Mwaka uliofuata alikwenda Paris kujifunza. Hilo ni jema, wala hatulifichi. Lakini mwaka 1934 mchoraji mwenzao, Romare Bearden, aliulaumu mfuko huo waziwazi: wawadekeza wachoraji weusi, hauwapimi kwa kipimo cha kazi. Mwaka 1967 mfuko ukafungwa.

Ndugu wanachama, sanduku la rangi, brashi na karatasi havilishindi tawi lolote. Tuchange, tununue picha za vijana wetu, tuzitundike ofisini. Na iliyo mbaya tuseme ni mbaya. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.