Upana wa Kiwambo Si Upana wa Utamaduni

Wako wasomi wetu wanaopima sinema ya taifa kwa ukubwa wa kiwambo. Fikra hiyo ni kasumba, na hapana budi ikanushwe.

Tukumbuke asili yake. Mwaka 1952 Wamarekani walionyesha Cinerama mjini New York: mashine tatu zilimulika kwa pamoja kiwambo kilichopindwa mfano wa upinde, kikamzunguka mtazamaji kwa nyuzi 146. Mwaka 1953 ikafuata The Robe kwa mtindo wa CinemaScope, picha ambayo upana wake ulizidi kimo chake mara mbili na nusu. Lenzi ya mtindo huo ilibuniwa na Mfaransa Henri Chrétien katika miaka ya 1920, na studio kubwa zikaipuuza kwa miaka mingi. Ni nini basi kilichoziamsha? Si mapenzi ya sanaa. Televisheni ilikuwa imezinyang'anya watazamaji, nazo zikatafuta kitu kisichoweza kuenea katika kisanduku cha sebuleni.

Ugomvi huo haukuwa wetu. Tanzania Bara ilianza kurusha televisheni mwaka 1994. Kwa nini basi tuazime dawa ya maradhi tusiyoyaugua?

Tutazame nyumbani. Simama ufukoni Itungi, wilayani Kyela, alfajiri. Ziwa Nyasa limetanda mbele yako, na Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki. Upana tunao tele. Lakini mvuvi aliye katika mtumbwi wake, na mama anayepura mpunga, wameonekana katika filamu ngapi wakisema maneno yao wenyewe? Lenzi pana mikononi mwa mgeni itakusanya ziwa na milima, nao watabaki madoa pembeni mwa picha.

Watasema wapinzani: fani ni fani, tusibaki nyuma. Naam, tujifunze fani. Lakini fani huyatumikia maudhui, haiyatawali. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill, ilikuwa filamu fupi isiyohitaji kiwambo cha upinde. Ilimwonyesha mwanamke anayewaogopa waganga wa jadi, ikaijadili hofu hiyo kwa Kiswahili.

Kwa hiyo, mwalimu, usiwaulize wanafunzi wako kwanza picha ilikuwa pana kiasi gani. Waulize: ni nani aliyesema humo, na alisema kwa ajili ya nani?